Nani Atengeneze Pampu? Kauli ya Kutendwa ya Kiingereza na Mashtaka Dhidi Yake

Dada mmoja anayeuza vitenge Kariakoo aliniletea ofisini, hapa Posta ninapofanya kazi ya kutafsiri na kuhariri, mkataba wa pango wa kurasa nne ulioandikwa kwa Kiingereza. Yeye ni Mswahili, mwenye nyumba wake ni Mswahili, nyumba iko Tabata na kodi inalipwa kwa shilingi, lakini mkataba, kama ilivyo mikataba mingi ya aina hiyo hapa mjini, ulikuwa wa Kiingereza. Pampu ya kupandisha maji kwenye simtanki ilikuwa imeungua, na pande zote mbili zilikuwa zimeshikilia sentensi moja: “All repairs shall be carried out promptly.” Yaani, matengenezo yote yatafanywa bila kuchelewa. Mpangaji aliisoma akaona wazi kuwa mwenye nyumba ndiye atakayetengeneza. Mwenye nyumba aliisoma hiyo hiyo akaona wazi kuwa ni kazi ya mpangaji. Hakuna aliyekosea kusoma, kwa sababu sentensi haikumtaja yeyote. Kwa wiki mbili maji yalipandishwa ghorofani kwa ndoo, na aliyeyapandisha hakuhitaji kutajwa, maana alikuwa mbele yangu akinionyesha viganja.

Wapo wanaofundisha uandishi wa Kiingereza ambao wangeiona sentensi hiyo wangetikisa kichwa na kusema ndiyo waliyoionya miaka yote: kauli ya kutendwa humficha mtenda, kwa hiyo iepukwe. Wapo wengine, hasa maofisini na vyuoni, wanaoiona kauli hiyo hiyo kuwa alama ya Kiingereza chenye heshima, na kwao barua isiyo na “it is hereby requested” ni kama mtu aliyekuja msibani amevaa kaptula. Nimeishi katikati ya pande hizi mbili kwa miaka mingi, nikiifuta kauli ya kutendwa asubuhi na kuirudisha jioni, na maoni yangu ni kwamba wote wanagombania umbo la kitenzi ilhali kesi yenyewe iko kwingine. Zaidi ya hapo, sisi tunaosema Kiswahili tunaikosea kauli hii kwa sababu zetu wenyewe, ambazo vitabu vilivyoandikwa London au New York haviwezi kuziona.

Umbo lenyewe ni jepesi kuliko kelele zake. Kiingereza huchukua kitenzi kisaidizi “be”, ambacho hubeba wakati, kikaongeza umbo la tatu la kitenzi kikuu, lile ambalo kila aliyepita sekondari amelikariri katika safu ya mwisho ya “write, wrote, written”. Wakati ukibadilika, kinachobadilika ni “be”: “is written”, “was written”, “has been written”, “will be written”. Aliyekuwa shamirisho anakuwa kiima, na aliyekuwa kiima anasukumwa mwishoni baada ya “by” au anaachwa kabisa. Vitenzi visivyo elekezi, kama “arrive” na “happen”, havina njia ya kuingia humo, na hata baadhi ya vile vyenye shamirisho hukataa: hakuna Mwingereza atakayesema kwamba gari “is had by Juma”. Sisi tunaifanya kazi hiyo kwa kupenyeza herufi moja, piga ikawa pigwa, andika ikawa andikwa, na pale ulimi unapokwama tunaongeza silabi kidogo tukapata chukuliwa, ondolewa, jibiwa na pewa.

Nitaje jambo moja la historia, kwa sababu linapunguza hofu ya wanaoogopa kanuni. Umbo la “is being built”, ambalo leo hakuna anayelishangaa, lilianza kuenea mwishoni mwa karne ya 18, na katika karne ya 19 wapo wanasarufi wa Kiingereza waliolipiga vita kwa ukali, wakidai kuwa ni uharibifu na kwamba nyumba inapojengwa yatosha kusema “the house is building”. Walishindwa. Anayetoa amri kuhusu kauli ya kutendwa leo angefaa akumbuke kwamba waliomtangulia hawakusikilizwa na wenye lugha.

Mashtaka ya sasa nayo yana zaidi ya miaka mia moja. William Strunk, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Cornell nchini Marekani, aliwaagiza wanafunzi wake katika kijitabu cha mwaka 1918 watumie kauli ya kutenda, kwa kuwa inakwenda moja kwa moja na ina nguvu zaidi. George Orwell, mwandishi wa Uingereza, katika insha yake ya mwaka 1946 kuhusu siasa na lugha ya Kiingereza, aliweka kanuni sita za uandishi, na mojawapo inakataza kauli ya kutendwa popote pale kauli ya kutenda inapowezekana. Orwell alikuwa na sababu zake. Aliandika vita vikiwa vimekwisha juzi tu, akiona jinsi serikali zinavyotumia maneno laini kufunika mauaji, na aliamini kwamba anayeandika ovyo hufikiri ovyo.

Mfano unaopendwa na waendesha mashtaka ni wa Januari 1987, Rais Ronald Reagan alipolihutubia Bunge la Marekani na, akizungumzia mkasa wa serikali yake kuiuzia Iran silaha kwa siri, akasema “serious mistakes were made”, makosa makubwa yalifanywa. Ni haki kueleza kwamba sentensi chache kabla ya hapo alikuwa amekubali kubeba dhamana yote, na kwamba Rais Ulysses Grant alikwisha kutumia karibu maneno hayo hayo Desemba 1876, akaongeza papo hapo kuwa anayakiri. Lakini watu hawakuukumbuka ungamo wa yeyote kati yao. Walikumbuka makosa yaliyofanywa bila mfanyaji.

Ushahidi wa upande huu hapa kwetu haupungui. Yeyote aliyewahi kusoma mihtasari ya vikao iliyoandikwa kwa Kiingereza anaijua sentensi ya “it was agreed that the gate should be repaired”. Kikao kinachofuata hukuta geti liko vilevile, na muhtasari mpya huandika “it was noted that the gate had not been repaired”. Geti hilo laweza kuzeeka likijadiliwa. Mkataba wa Tabata ni ndugu wa mihtasari hiyo: pale ambapo wajibu unagawanywa, sentensi isiyo na mtenda ni sawa na noti isiyo na namba.

Hata hivyo, mashtaka yanaanza kuyumba mara tu unapowasoma washitaki wenyewe. Strunk, katika ukurasa ule ule, anasema kwamba kanuni yake haimaanishi kuitupa kauli ya kutendwa, kwa kuwa mara nyingi inafaa na wakati mwingine ni ya lazima. Wanafunzi wa wanafunzi wake ndio walioikumbuka amri na kusahau ruhusa. Orwell naye ameijaza insha yake kauli za kutendwa, kuanzia sentensi ya kwanza. Tena anapofika mahali panapouma kuliko pote, anapoeleza jinsi vijiji visivyo na ulinzi vinavyoshambuliwa kwa mabomu kutoka angani, wakazi wake wakafukuzwa, mifugo ikamiminiwa risasi na vibanda vikachomwa moto, kisha hayo yote yakaitwa “pacification”, yaani kutuliza hali, anatumia kauli ya kutendwa mfululizo. Wala hakukosea. Hapo msomaji alitakiwa kuviona vijiji, na rubani angeingia kwenye sentensi angevifunika. Gazeti la hapa likiandika kwamba mtoto amegongwa na bodaboda, linafanya jambo hilo hilo: macho yanaanzia kwa mtoto.

Ziko pia takwimu. Sarufi kubwa ya Longman ya mwaka 1999, iliyotungwa kwa kuhesabu maandishi na mazungumzo halisi, ilikuta kwamba katika maandishi ya kitaaluma takriban robo ya vitenzi viko katika kauli hii, ilhali katika mazungumzo ni asilimia 2 hivi. Kitu kinachotumiwa mara kidogo hivyo mezani na mara nyingi hivyo kitabuni hakiwezi kuitwa kosa. Kina kazi maalumu. Mtafiti anayeandika “water samples were collected from the Msimbazi River” hajamficha mtu, kwa sababu nani alishika chupa si habari, na maji yangekuwa yale yale hata yangechotwa na dereva. Lakini akishuka kurasa kumi na kuandika “it was concluded that the water is safe”, hapo swali linazuka, kwa kuwa kuchota hakuhitaji jina na kuhitimisha kunahitaji. Majarida ya sayansi ya kundi la Nature siku hizi huwaelekeza waandishi wapendelee kauli ya kutenda, waseme “we” bila kuona haya, wakati mwanafunzi wa chuo hapa mjini bado anaweza kukatwa alama kwa kuthubutu kuandika “I”. Mimi ningemwachia “were collected” na kumpokonya “was concluded”, na sioni ugumu wa kukaa na yote mawili katika tasnifu moja.

Kuna sababu nyingine ya kuitetea ambayo haisemwi vya kutosha, nayo ni mfululizo wa habari. Ukiandika kuhusu Daraja la Kigamboni, ukasema linavuka mkondo wa Kurasini, msomaji ameshaliweka daraja mbele ya macho yake. Sentensi inayofuata ikiwa “It was opened in April 2016 and named after Nyerere”, anaendelea kulitazama daraja lile lile. Ukitii amri ya kauli ya kutenda ukaandika kwamba Rais Magufuli alilifungua, umemleta mtu mpya jukwaani, na msomaji atasubiri kusikia zaidi juu yake kabla hujamrudisha kwenye daraja. Mtu wa kwanza katika sentensi ndiye mwenye mkutano. Kauli ya kutendwa ni namna ya kumpa kiti cha mbele yule anayezungumziwa, awe ametenda au ametendwa. Katiba yetu ya mwaka 1977, ibara ya 12, inasema binadamu wote huzaliwa huru, na wote ni sawa. Tamko la Haki za Binadamu la mwaka 1948 kwa Kiingereza linasema “are born free”. Lugha zote mbili zimetumia kauli ya kutendwa, na sijasikia mtu akilalamika kwamba mama zetu wamefichwa.

Mpaka hapo hoja zinazotumiwa ni zile zile zinazotumiwa Uingereza na Marekani. Kwa msemaji wa Kiswahili jambo lina tabaka la pili, na ndilo linalonipa kazi nyingi zaidi mezani.

Kijana mmoja aliyekuwa akijifunza kazi kwetu alichelewa siku moja, akamwandikia mteja wa kigeni: “Sorry for the delay, I was stolen my phone at Mbagala.” Mteja alielewa, lakini alilazimika kuisoma mara mbili, kwa sababu katika masikio yake kijana ndiye aliyebebwa na mwizi. Kijana hakuwa mzembe. Alikuwa anasema Kiswahili sahihi kabisa kwa maneno ya Kiingereza. Sisi tuna kuiba na tuna kuibia. Simu huibwa, mtu huibiwa, na msiba wa simu kwetu ni wa mtu kabla ya kuwa wa simu, ndiyo maana tunasema “nimeibiwa” na simu ikafuata baadaye. Kiingereza hakina kauli ya kutendea ndani ya kitenzi. Kimewagawia wahanga hao wawili vitenzi viwili, “steal” kwa kitu na “rob” kwa mtu, kwa hiyo husemwa “my phone was stolen” au “I was robbed”. Na anayetaka kubaki karibu na ladha ya Kiswahili husema “I had my phone stolen”, sentensi ambayo sijawahi kuiona katika daftari la sekondari hata moja ingawa ndiyo tunayoihitaji kila siku.

Mlango huo wa kutendea ndio unaotuponza mara nyingi. Tunasema nilielezwa utaratibu, tunaandika “I was explained the procedure”, na inakataliwa, wakati niliambiwa ikawa “I was told” inapita bila swali. Mtu aliyekubaliwa “told”, “given”, “shown” na “offered” ana haki ya kushangaa anapozuiwa “explained” na “suggested”. Sababu ni kwamba vitenzi vya kundi la kwanza hukubali kuwa na shamirisho mbili nyuma yao, mtu na kitu, bila kihusishi, na vya kundi la pili humdai mtendewa aje na “to”. Kwa hiyo utaratibu ndio unaopanda kiti cha mbele: “the procedure was explained to me”. Kanuni hii haina huruma, inabidi ikaririwe kitenzi kwa kitenzi. Kufiwa nako hakuna njia kabisa, kwa kuwa “die” haina shamirisho la kupandisha, na aliyefiwa na baba yake itambidi aseme “I have lost my father”, kana kwamba alimwacha kwenye daladala. Lakini si kila mahali Kiingereza kinatushinda au kutunyima. Tulinyeshewa ni “we were rained on”, na kitanda kimelaliwa ni “the bed has been slept in”, sentensi nzuri za Kiingereza zenye mantiki yetu ile ile, mradi usisahau kale kaneno kadogo kanakobaki kakining’inia mwishoni kama mkia wa kishada.

Halafu kuna “by”. Tulijifunza mapema kwamba kwa basi ni “by bus”, na tangu hapo “by” ikakaa kichwani kama tafsiri ya “kwa”. Mtu anaandika “the letter was written by a pen”, kwa sababu barua iliandikwa kwa kalamu. Kiswahili kinatenganisha vizuri, “na” kwa mtenda, “kwa” kwa chombo. Kiingereza nacho kinatenganisha, “by” kwa mtenda na “with” kwa chombo, ila mipaka yao haikuchorwa mahali pamoja. Kosa hili ni dogo na linaponyeka kwa wiki moja.

Lisiloponyeka kwa wiki moja ni lile la tatu, na kwa maoni yangu ndilo linalobadilisha mjadala mzima. Umeme ukizimika Dar es Salaam, swali la kwanza mtaani ni hili: umekatika au umekatwa? Umekatika, basi ni mtaa mzima, na watu wanakaa barazani kusubiri. Umekatwa, basi kuna fundi amepanda nguzo, kuna bili haijalipwa, na kuna mtu ndani ya nyumba ana maelezo ya kutoa. Herufi mbili zinatofautisha tukio lisilo na mtu na tukio lenye mtu asiyetajwa. Kiingereza hakina kiambishi cha kazi hii. Kwa kutendeka, yaani kauli yetu ya -ika, hutumia kitenzi kile kile bila mapambo yoyote, “the glass broke”, au hubadilisha neno zima, “the power went out”, na mara nyingi huiachia kauli ya kutendwa ibebe yote mawili. Mwanafunzi wetu, kwa kuwa amefundishwa kwamba chochote kilichompata kiima kinataka “was”, anaandika “the accident was happened” na “the car was broken down”, au anaandika “the glass was broken” akimaanisha kimevunjika chenyewe, bila kujua kwamba msomaji Mwingereza anaweza kuanza kumtafuta mvunjaji.

Sasa rudi kwa Reagan na makosa yake. Mwanasiasa wa Kiswahili anayetaka kuepa lawama hasemi makosa yalifanywa. Anasema makosa yalifanyika, au yalitokea, au yamejitokeza. Anajua, bila kufundishwa na mtu, kwamba yalifanywa inaita “na nani?”, na kwamba wasikilizaji wataitika wito huo. Methali yetu inasema maji yakimwagika hayazoleki, na faraja yake yote iko kwenye -ika. Ingekuwa yakimwagwa, tungekuwa tunamsaka aliyemwaga. Kwa maana hiyo, kauli ya kutendwa ya Kiswahili si ya kuficha mtu. Ni ya kumwachia nafasi, na nafasi hiyo inaonekana. Kinachoficha kwetu ni kutendeka. Mashtaka ya Orwell yalielekezwa kwa kauli ya Kiingereza inayofanya kazi ya -wa na -ika kwa pamoja, na tunapoyabeba mazima na kuyatumia kukemea “ilifanywa” katika Kiswahili tunamfunga asiyehusika, huku “ilifanyika” ikitoka nje kwa mlango wa nyuma. Mihtasari yetu ya Kiswahili imejaa “ilikubalika kwamba”, na sijaona mtu akiipigia kelele.

Nimeyaona haya mezani, lakini chanzo chake nadhani kiko darasani. Kauli ya kutendwa hufundishwa kama zoezi la kugeuza. Unapewa “Juma eats a mango”, unarudisha “A mango is eaten by Juma”, unapata alama. Ukipewa “I eat a mango”, unarudisha “A mango is eaten by me”, na unapata alama vilevile, ingawa hakuna mtu aliye hai, Manchester wala Manzese, aliyewahi kusema kwamba embe linaliwa na yeye. Rafiki yangu anayefundisha Temeke nilipomlalamikia alinijibu bila kuacha kusahihisha madaftari: “Kaka, mtihani hauulizi kwa nini. Unauliza geuza.” Ana hoja, na siwezi kuibeza. Umbo la tatu la kitenzi halikariri lenyewe, darasa lina watoto wengi, na zoezi la kugeuza ndilo linalosahihishika kwa haki na kwa haraka. Mtoto asiyejua kuunda hawezi kuchagua. Nisingependa kuona zoezi hilo likiondolewa na wageni wa semina wanaokuja na karatasi za rangi.

Ninachokidai ni kidogo kuliko hicho. Zoezi linafundisha mambo mawili ya uongo bila kukusudia. La kwanza ni kwamba sentensi mbili hizo zina maana moja na hakuna sababu ya kuchagua. La pili ni kwamba kauli ya kutendwa lazima iburute “by” nyuma yake, wakati katika Kiingereza halisi sehemu kubwa ya kauli hizo hazina “by” kabisa, kwa kuwa mtenda hajulikani, au anajulikana mno, au hana umuhimu, au hatakiwi kujulikana. Sababu hizo nne ndizo somo lenyewe. Mwalimu akichukua gazeti la siku hiyo, akatoa vichwa vitano vya habari, akauliza darasa kila mtenda amekwenda wapi na nani amenufaika kwa kutotajwa kwake, kipindi kimoja kingetosha, na wanafunzi wangejibu vizuri kuliko anavyotarajia, kwa kuwa kila mmoja wao amekwisha kuulizwa nyumbani kama kikombe kimevunjika au kimevunjwa, na anakumbuka alijibu nini.

Pembeni kidogo, kuna kitenzi kimoja ambacho watafsiri hapa mjini tunakiogopa. Mwanamume ameoa, mwanamke ameolewa, na Kiingereza kinawapa wote “is married”. Kwenda Kiingereza ni rahisi. Kurudi, kwa hati ambayo haijataja jinsia, humlazimu mtu apige simu. Ni kauli ya kutendwa iliyobeba desturi nzima mgongoni, na mjadala wake ni mrefu kuliko huu.

Nirudi Tabata. Mzee mwenye nyumba alikubali kuja ofisini, tukaamkiana, tukauweka mkataba mezani tukausoma kifungu kwa kifungu. Sentensi ya matengenezo tuliivunja vipande viwili: “The Landlord shall repair the pump and the tank within seven days of notice. The Tenant shall repair anything she breaks.” Mzee alinuna kidogo kuhusu hizo siku saba, kisha akakubali. Sentensi ya kodi, “The rent shall be paid on or before the fifth day of the month”, niliiacha katika kauli ya kutendwa kama ilivyokuwa, kwa sababu anayelipa kodi anajulikana hata na kuku wa uani, na kilichotakiwa kukaa mbele pale ni kodi na tarehe yake. Ile ya kukabidhi nyumba niliiacha pia. Tukafika kwenye amana: “The deposit shall be refunded at the end of the tenancy.” Nikapendekeza tuandike kwamba mwenye nyumba atairudisha ndani ya siku kumi na nne. Mzee alivua miwani, akaifuta kwa kanzu, akaivaa tena, akaisoma sentensi ya zamani kwa sauti ya chini.

“Hii tuiache ilivyo, mwanangu,” akasema. “Ni ya kistaarabu zaidi. Imeshasema kuwa itarudishwa.”

Dada wa vitenge, ambaye hajasoma Strunk wala Orwell, alimgeukia palepale. “Itarudishwa na nani, mzee?”